Kifungu Nilichokihamisha

Sikuiba. Nalisema hili kwanza kwa sababu ndilo lililonidanganya kwa miaka mingi. Wakaguzi wa ndani walipitia hesabu zangu, risiti zikatimia, masurufu nikawa nimeyarejesha kwa wakati, faili likafungwa likiwa safi. Fedha za mbegu nilizopewa na chuo kutafuta chanjo mpya ya kideri zilitumika zote kwa mambo yaliyoidhinishwa kwa sahihi na mhuri. Kosa langu lilikaa ndani ya barua ya ukurasa mmoja ya kuomba kuhamisha vifungu. Barua hiyo niliiandika mwenyewe, nikaipeleka mwenyewe, nikaifuatilia meza kwa meza mpaka ikapita.

Chuo sitakitaja. Hakikunituma, na watu waliokuwa kwenye meza zile waliniamini.

Mradi wenyewe ulikuwa mzuri na hata leo nautetea. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa kideri ni nini, hata kama kwao wanakiita mdondo. Kuku anaanza kusinzia mchana, anaharisha kijani, shingo inapinda, na baada ya siku chache banda limebaki na manyoya. Kundi lisilochanjwa linaweza kupoteza kuku tisa katika kila kumi, pengine wote. Kisarawe, kuanzia Masaki mpaka Maneromango na kule Mzenga inakopita reli ya TAZARA, kuku wa kienyeji ni fedha ya mama. Jogoo mmoja analipa mchango wa shule, mitetea wawili wanapeleka mgonjwa hospitali ya Tumbi. Wachuuzi hupita na bodaboda zilizofungwa matenga, wanakusanya na kupeleka Dar es Salaam, na wasiouzika hurudi kwenye matenga yaleyale, wakipitia vijiji vilevile. Kideri nacho hupanda hapo bila nauli.

Chanjo ipo, tena nzuri. Inatokana na kirusi kiitwacho I-2, na nitaieleza historia yake kwa kirefu kidogo maana ndani yake mna kila kitu nilichopaswa kukifanya. Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walifadhiliwa na ACIAR, shirika la serikali ya nchi hiyo linalogharamia utafiti wa kilimo pamoja na nchi zinazoendelea. Walichukua virusi 45 vya kideri visivyoua kuku, wakavichambua: kipi kinaamsha kinga, kipi hakina madhara, kipi kinasambaa chenyewe kutoka kuku hadi kuku. Vilivyoonekana salama zaidi wakavipambanisha na joto. I-2 ndicho kilichoshinda. Mtafiti mwenye haraka angeishia hapo, akaandika makala yake, akaenda kulala. Wao wakakikuza kwenye mayai ya kuku waliothibitishwa kuwa hawana maradhi, wakatengeneza mbegu mama, wakaipima usalama, wakahakikisha haina bakteria, na kila hatua wakaiandika. Mbegu hiyo ikatolewa kwa maabara za nchi zetu bila kudai malipo ya haki miliki. Mwaka 2002 ACIAR ikachapisha mwongozo wa maabara unaomwonyesha fundi hata namna ya kutoboa ganda la yai.

Tanzania ilianza kuizalisha Temeke. Leo inatengenezwa Kibaha, kwenye kituo cha chanjo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), pamoja na chanjo za kimeta, chambavu, homa ya mapafu ya ng'ombe na ugonjwa wa kutupa mimba. Tone moja kwenye jicho la kuku, kila baada ya miezi minne, basi.

Shida ni kumkamata huyo kuku. Wanaoandika miongozo wakiwa mjini hudhani kuku wa kienyeji analala bandani akisubiri mchanjaji. Kisarawe wengine wanalala juu ya mkorosho. Unawahi alfajiri kabla hawajashuka, watoto wanakimbizana nao, nusu ya kundi linatoroka, na mchanjaji ana nyumba nyingine za kupitia kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo nikawaza chanjo ya kulishwa. Mama achanganye na chenga za mahindi, amwage uani, kuku wajichanje wenyewe. Wengine walishajaribu jambo hilo katika nchi mbalimbali, na majibu yao yalipanda na kushuka. Mara nyingi tone la jicho lilishinda. Mimi niliamini kwamba kirusi cha papahapa, kilichozoea kuku wetu na joto letu, kingefanya vizuri zaidi. Tukakusanya sampuli kwenye kaya za Kisarawe ambazo hazijawahi kuchanja, na miongoni mwake tukapata kirusi kimoja kipole chenye kustahimili joto. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopata shahada ya uzamivu.

Hapa msomaji asiye wa fani anivumilie, maana bila maelezo haya hataona kosa liko wapi. Kidonge cha paracetamol unaweza kukipima kikiwa kimeshatengenezwa, ukajua kina nini na kwa kiasi gani. Chanjo, insulini na dawa zote zinazotoka kwenye kitu chenye uhai haziko hivyo. Kirusi kinapopitishwa yai moja hadi jingine, kila pasaji inaweza kukibadilisha kidogo. Yai nalo halikuwa tupu: mama yake aliugua nini, alichanjwa nini, ana vimelea gani vinavyopenya mpaka kwenye kiini? Ukipewa chupa ya mwisho peke yake, huwezi kuyajua yote hayo kwa kuipima. Lazima uwe na historia yake, pasaji kwa pasaji, kundi la mayai kwa kundi la mayai.

Mfano mmoja wengi tunautembeza begani. BCG, ile chanjo ya kifua kikuu inayoacha kovu tangu utotoni, ilitengenezwa Lille, Ufaransa, na Albert Calmette na Camille Guérin, waliomhamisha bakteria wao kwenye chakula kipya mara 230 kati ya 1908 na 1921 mpaka akalegea. Kisha wakamgawa kwa maabara za dunia, na kila maabara ikaendelea kumhamisha kwa namna yake. Matokeo yake ni koo nyingi za BCG zenye tofauti za vinasaba, na tofauti hizo ziliendelea kuongezeka mpaka maabara zilipoanza kukausha mbegu zao kwa baridi na kuzifungia.

Mwingine ni wa Chuo Kikuu cha Toronto, na huu niliufundisha darasani kila mwaka kwa mbwembwe. Januari 1922 James Collip alisafisha insulini mpaka ikafaa kumdunga kijana Leonard Thompson, aliyekuwa anakufa kwa kisukari, na kijana akapata nafuu. Wiki chache baadaye, walipotaka kutengeneza nyingi zaidi, Collip alishindwa kuirudia. Njia aliyoivumbua mwenyewe ilimponyoka, wakahangaika kwa miezi kadhaa wakati wagonjwa wanasubiri. Wanafunzi walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa nawaambia: andikeni, jamani, andikeni.

Sasa turudi kwenye barua. Bajeti ya awali, ile iliyopitishwa na jopo, ilikuwa na vifungu ambavyo mtu wa nje angeviona vya kipuuzi. Kulikuwa na banda dogo la kuku wa mayai, la kujengwa Kibaha mahali pa peke yake, kuku wasichanjwe kideri, damu yao ipimwe mara kwa mara, ili tupate mayai ya kuaminika. Kuagiza mayai yaliyothibitishwa kutoka Ulaya kungemaliza fedha zote kabla hatujaanza. Kulikuwa na malipo ya mtu mmoja ambaye kazi yake ingekuwa kutunza rejesta ya mbegu na friza, asifanye kingine. Na kulikuwa na fungu la kununua chanjo ya I-2 na kulipa wachanjaji mwishoni mwa jaribio, kwa ajili ya kaya ambazo hatungezipa chochote wakati wa kulinganisha.

Vyote hivyo nikavihamisha. Niliandika kwamba mayai yanaweza kupatikana kwa wafugaji wa jirani, kwamba rejesta itatunzwa na wanafunzi kama sehemu ya mafunzo yao, na kwamba zoezi la kurudi vijijini litagharamiwa kutoka vyanzo vingine. Vyanzo hivyo havikuwepo. Fedha zikaenda kwenye ada ya kuchapisha makala katika jarida la kimataifa, tiketi na hoteli ya mkutano wa ng'ambo, na kompyuta mpakato.

Nilijua ninachofanya? Nilijua kwa namna ambayo mtu anajua bia ya tatu. Kamati za kupandisha vyeo huhesabu makala. Rejesta ya friza haina pointi. Banda la kuku safi halina pointi, na pia halipigwi picha likapendeza. Sitaki kujificha nyuma ya mfumo, maana mfumo huohuo ulikuwa na watu wasioandika barua kama yangu, na vyeo vyao walivipata kwa kuchelewa.

Mayai tukayanunua Kibaha, kwenye mabanda ya wafugaji wa kuku wa mayai wanaouza trei kandokando ya barabara ya Morogoro. Tulitafuta wenye majogoo, tukaatamisha kwenye inkubeta, tukadunga. Kuku wale walikuwa wamechanjwa kideri, kama inavyompasa mfugaji mwenye akili. Maana yake kinga ya mama ilikuwa ndani ya kiini, ikipambana na kirusi chetu tangu mwanzo. Tulipata mavuno hafifu, nikasema kirusi kinahitaji kuzoea, tukaongeza pasaji. Somo la kinga ya kwenye kiini nililifundisha mwenyewe, mwaka wa tatu, muhula wa pili.

Rejesta ilikuwa daftari la kaunta, kisha karatasi zilizobandikwa kwenye mlango wa friza, kisha vichwa vya wanafunzi wawili ambao mmoja alipata ajira akaondoka na kichwa chake. Kalamu tulizotumia kuandikia vichupa hazikuhimili baridi. Baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu tulitoa vichupa vikiwa vimelowa, lebo zimefutika. Nikaagiza vile visivyosomeka vitupwe ili kupata nafasi. Humo ndimo zilimokuwa pasaji za mwanzo kabisa, zile zilizo karibu na kuku wa Kisarawe. Binti mmoja wa shahada ya uzamili, ambaye tabia yake ilikuwa kuandika kila kitu kwenye daftari lake mwenyewe lenye jalada la plastiki, aliniuliza kama tungeweza kwanza kuvipima kimoja kimoja. Nikamwambia hatuna vitendanishi vya kuchezea.

Jaribio tulilifanya Kisarawe, katika vitongoji vitatu. Cha kwanza kililishwa chenga zenye kirusi chetu, cha pili kikapewa tone la I-2, cha tatu hakikupewa kitu. Kamati ya maadili ilikubali kitongoji cha tatu kikae hivyo kwa sharti moja, kwamba jaribio likiisha kaya zote zipewe I-2. Sharti hilo lilisomwa kwa sauti chini ya mwembe, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo, wazee wameketi kwenye mabenchi ya madrasa. Niliongeza kwa maneno yangu kwamba tukimaliza kupima damu tutarudi na chanjo yao. Wakapiga makofi. Akina mama wakaweka vidole gumba.

Damu tukapima. Hatukurudi.

Ulipoingia ukame, afisa mifugo wa kata alinipigia simu nikiwa nasahihisha mitihani. Kideri kimeingia kitongoji cha tatu, akasema, na watu wanauliza ile chanjo ya daktari. Nikamjibu kwamba fedha za mradi zimekwisha, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa. Alinyamaza kidogo, akasema sawa, daktari.

Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku naamka. Nilitafuta mafuta ya gari na posho ya siku chache, nikayapata kwenye salio la shajala, nikamtuma yule binti kwenda kuhesabu kuku waliokufa. Sikupata fedha za chupa za chanjo, ila za kuhesabu mizoga nilizipata. Sababu ilikuwa rahisi. Kuingia kwa kideri chenyewe, bila sisi kukipandikiza, kulikuwa kipimo ambacho hakuna maabara ingenipa: kitongoji kisichochanjwa kimefyekwa, kilicholishwa chenga kimepoteza karibu nusu, chenye tone la jicho kimesalimika. Kwenye makala niliuita mlipuko wa asili. Wahakiki wawili waliusifu. Makala ilisema chanjo ya kulishwa inaonyesha matumaini.

Binti alirudi na takwimu pamoja na maneno ya bibi mmoja, mwenye nyumba ya miti na udongo karibu na kisima, ambaye kuku wake walikwisha wote. Alikuwa amemwambia, "Wale wenzetu mliwapa dawa. Sisi mlituandika tu." Binti aliyaingiza kwenye ripoti yake ya uwandani. Nikayakata kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni kwamba hii si data.

Nikapanda cheo.

Baadaye kampuni moja inayotengeneza chanjo za mifugo iliisoma makala na kuniandikia. Nitaiita kampuni tu. Kuchapisha ni jambo moja, kutengeneza ni jingine. Ili chanjo isajiliwe na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), mtengenezaji analeta faili zima linaloanzia kwenye mbegu, na katika Afrika kuna hata maabara ya Umoja wa Afrika, PANVAC, kule Debre Zeit, Ethiopia, ambayo kazi yake ni kupima kama chanjo za mifugo ni safi na zina nguvu inayodaiwa. Kampuni iliomba mambo ya kawaida kabisa: mbegu mama, idadi ya pasaji tangu kwa kuku wa kwanza, chanzo cha mayai kwa kila pasaji, tarehe, aliyefanya, vipimo vya vimelea vingine. Waliambatanisha jedwali tupu nijaze.

Nililijaza. Nilikaa usiku mmoja, nikalijaza kutoka kichwani. Mahali nilipokumbuka niliandika nilichokumbuka, mahali nisipokumbuka nikaandika kinachoelekea kuwa kweli, na kwenye chanzo cha mayai nikaandika kundi dogo lisilochanjwa, Kibaha, kama nilivyodai kwenye makala. Lile banda la kwenye bajeti ya kwanza nililijenga usiku ule, kwa maneno, likiwa na kuku wake na vipimo vyao vya damu. Binti aliliona jedwali kesho yake kwa sababu ndiye niliyempa kazi ya kulipanga vizuri. Akasimama mlangoni akilishika. "Samahani, Dokta. Tarehe hizi tumezitoa wapi?" Nikamjibu kwamba nina kumbukumbu zangu.

Kampuni ilipima sampuli, ikakuta maikoplasma, kimelea kinachopita kutoka kuku mama kwenda yai. Wakaomba pasaji ya chini zaidi waanze upya. Sikuwa nayo. Kisha mtaalamu wao, kwa adabu nyingi, akauliza kuhusu tarehe moja kwenye jedwali, ambapo kwa mujibu wangu watu watatu walidunga mayai mchana kutwa. Ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Nikajibu kuwa ni kosa la uchapaji. Hawakuniandikia tena, nami sikuwauliza.

Kirusi kile cha Kisarawe kiko kwenye friza au hakiko, hakuna atakayeweza kukitumia. Labda kingeshindwa hata kama ningefanya kila kitu sawasawa. Nusu ya kuku waliolishwa walikufa, na chanjo inayookoa nusu haimfai mtu. Lakini labda pia kilikuwa kimechoshwa na pasaji nyingi ndani ya mayai yenye kinga, na kile kirusi cha kwanza kabisa kilikuwa na nguvu ambayo hatukuipima. Swali hilo nimelifuta mimi, pamoja na lebo.

Kwa miaka iliyofuata nilikuwa na hadithi nzuri ya kusimulia kwenye semina. Pale Kibaha, nje kidogo ya mji, kuna kiwanda cha dawa ya kibayolojia ya kuua viluwiluwi wa mbu, mali ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba na kuzinduliwa Julai 2015 na Rais Kikwete. Kazi yake hufanywa na bakteria wa jamii ya Bacillus. Dawa ilikuwepo, wanunuzi wakawa wa shida, mpaka Juni 2017 Rais Magufuli alipofika na kuagiza halmashauri ziinunue. Nilikuwa nauleta mfano huo kila nikiulizwa kwa nini bunifu za vyuo vyetu hazifiki sokoni. Nilikuwa nasema nchi haina soko la sayansi yake. Watu walitikisa vichwa kwa masikitiko. Mfano ni wa kweli na tatizo la soko lipo, ila mimi niliutumia kama koti la mvua. Sikuwahi kufika mahali pa kuhitaji soko. Bidhaa yangu ilifia kwenye barua ya ukurasa mmoja.

Sasa nimestaafu na nimeitwa kwenye jopo la kugawa fedha kama zile. Ni fedha ndogo, haziwezi kununua hata gari dogo lililotumika, na waombaji ni vijana wenye njaa. Kwenye kikao cha karibuni kijana mmoja alikuja na andiko la kutafuta kingamwili za kupambana na sumu ya nyoka. Sehemu kubwa ya bajeti yake ilikuwa kumbukumbu: mtu wa rejesta, nakala za mbegu za seli kwenye friza mbili za majengo tofauti, lebo zinazohimili nitrojeni kimiminika. Mjumbe mmoja akacheka, akasema huyu anataka kuanzisha maktaba. Wengine wakacheka. Nilikuwa na la kusema, nikanyamaza. Kifungu kikapunguzwa. Nilirudi nyumbani Kibaha, nikaanza kuandika haya.

Kikao kilichofuata nilizungumza, na sikuzungumza vizuri. Niliwaeleza yangu bila kupamba. Nikapendekeza awamu ya mwisho ya fedha isitolewe mpaka mbegu mama na rejesta yake viwe vimekabidhiwa mahali pa tatu, nje ya maabara ya mtafiti. Nikapendekeza pia fungu la kurudi kwa watu walioshiriki jaribio likae kwenye akaunti ambayo mtafiti hana sahihi yake. La kwanza walilikubali kwa shingo upande, kwa sababu litachelewesha ripoti. La pili wamesema linahitaji ushauri wa kisheria. Kifungu cha yule kijana kimerudishwa, si chote.

Nilikwenda pia Kisarawe, kwa njia ya Kiluvya na Mpuyani, na boksi la barafu lenye chupa za I-2 nilizonunua kwa pensheni yangu. Nilijisikia mwema njiani. Kitongojini nikakuta wana mchanjaji wao, kijana wa palepale, anayepita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne, na kila kaya inachangia kwa idadi ya kuku wake. Alinipokea vizuri, akaangalia tarehe kwenye chupa zangu, akasema zitamsaidia mzunguko ujao. Yule bibi wa karibu na kisima yupo. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamweleza nilivyokosa, na kwamba fedha za chanjo yao nilizitumia kwa safari yangu. Alikuwa anamenya muhogo na hakuacha. Aliniuliza safari ilikuwa ya wapi. Nikamtajia nchi. Akauliza kama kule nako wanafuga kuku.

Barua kwa mhariri wa jarida nimeituma. Nimeeleza kwamba chanzo cha mayai kilichoandikwa kwenye sehemu ya mbinu si cha kweli, kwamba idadi ya pasaji haijulikani, na kwamba kaya za kundi la ulinganisho hazikupewa kilichoahidiwa kwenye kibali cha maadili. Nikaomba makala iondolewe. Kabla ya kuituma nilimtafuta yule binti, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili na kazi yake ni ukaguzi wa ubora katika kiwanda cha dawa. Nilimwuliza kama bado analo lile daftari lenye jalada la plastiki, maana huenda ndiyo kumbukumbu pekee ya pasaji za mwanzo. Akasema analo. Akasema pia hatanipa, atampelekea mhariri mwenyewe, na kwamba kama makala haitaondolewa basi jina lake litolewe. Ombi hilo nimeliambatanisha na langu.